Mstari Hafifu wa Juu

Maabara, chumba cha pili kushoto
Jumamosi, saa nne asubuhi

Kwako Kaka Paka,

Kabla ya yote pokea salamu zangu, wewe na Wifi na watoto wote wawili, na umfikishie Mama za kwake akipita hapo. Hamjambo? Miguu yako haijambo? Na ile chumvi ya daktari, bado unaikoroga na kuinywa kila asubuhi, au unamwagia maua ya Wifi kama nilivyosikia? Usimgombeze, mimi ndiye niliyemchimba mpaka akasema. Nami huku mwili ni mzima kabisa, sina homa wala kikohozi. Roho tu ndiyo iko juu juu. Tangu niandike jina lako hapo juu nimeshaiacha kalamu mara nne: mara kufunga dirisha, mara kulifungua, mara kuosha chupa ambazo niliziosha jana, na mara ya nne sikumbuki nilifuata nini.

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kazi kati ya boksi la glavu na rafu ya mirija. Nyuma yangu mashine ya kuzungusha mirija inavuma, imebakiza dakika hamsini. Ng'ambo ya ukuta Profesa, mkuu wetu, yuko ofisini kwake, mlango wazi, anamalizia ripoti atakayoituma Jumatatu. Namsikia akiimba kwa pua. Mwanamke huyu katika miaka mitano sijawahi kumsikia akiimba. Nimejiwekea ahadi kwamba mashine ikisimama nitaweka kalamu chini, nitakwenda kugonga mlango wake, na sitajipa dakika moja ya ziada.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Kaka, wiki hii nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua. Mara ya pili ulinisimulia urefu wa lile ghala unalokwenda kuliezeka mpaka nikasikia kizunguzungu. Mara ya tatu nilisikia nyundo nyuma yako na watu wakicheka, nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na neno. Wewe kwenye simu humwachi mtu amalize alichoanza, nami nikikisikia kicheko chako natafuta pa kujificha. Barua huwezi kuikatiza. Dereva wetu anapita kwenu kesho kuchukua vifaa, na ameniapia kwamba ataiweka mkononi mwako, si kwa mtoto wala kwa jirani.

Sasa nivumilie nianze mbali kidogo, maana najua huwa unawaambia wenzako kwamba mdogo wako anafuga vijidudu mjini. Si uongo, lakini si yote. Mwili wako umejengwa kwa seli, na kila seli imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Chumvi haiwezi kupenya mafuta ovyo, kwa hiyo ndani ya utando huo zimechomekwa protini, na baadhi yake kazi yao ni kuwa milango. Mlango ukifunguka, chumvi inaingia na msuli unakaza. Ukifungwa, msuli unalegea. Kwako wewe, na kwa yule mjomba aliyeitwa mvivu mpaka akazeeka, mlango mmoja una kasoro ndogo pembeni. Unavuja hata ukiwa umefungwa. Ndiyo maana unaamka asubuhi, hasa baada ya siku ya kazi nzito na chakula kingi, unakuta miguu imegoma. Wewe fundi wa paa, tuliyekuita Paka kwa kupanda kwako, habari za kuvuja sina haja ya kukueleza.

Ili tujue kasoro hiyo inaachia wapi, lazima tulione umbo la mlango wenyewe, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Ukiing'oa protini kwenye mafuta yake inajikunja na kuharibika. Inabidi uitoe kwa sabuni, tena sabuni ya upole inayoishika palepale yalipokuwa mafuta. Nilijaribu sabuni kumi na nane kwa miaka miwili. Mama aliwahi kuniuliza kama nilisoma vyote vile ili niwe dobi. Sabuni ya kumi na tisa ikakubali.

Tunavyofanya ni hivi. Tunawapa bakteria maelezo ya kutengeneza kile kipande cha mlango chenye kasoro, na kipande chenyewe tunakitia kijimkia ili kinase kwenye kichujio chetu. Vitu vingine vyote vya bakteria vinatakiwa vipite viende zake. Kinachobaki tunakipima kwenye jeli: protini kubwa hubaki juu, ndogo hushuka chini, kila moja ikiacha mstari wake. Jeli yangu ilikuwa na mstari mmoja mnene chini, mahali pale hasa kilipotakiwa kuwa kipande chako. Juu kabisa palikuwa na mstari mwingine, hafifu, kama alama ya penseli iliyofutwa. Nikajiambia ni vipande vimeshikana, jambo la kawaida. Hakuna anayepoteza usingizi kwa mstari kama ule.

Nikatega matone ya protini ile yakauke polepole. Siku ya nne, Jumanne, nikaweka jicho kwenye hadubini nikaona fuwele. Kaka, zilikuwa nzuri, kingo zimenyooka kama umezipiga randa. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akapanda ngazi mbio akidhani nimeungua. Profesa alizitazama muda mrefu, akatoka nje ya chumba, nikamkuta kwenye korido anacheka peke yake. Fuwele ndizo tunazozipiga eksirei ili umbo litokee, na watu wanazeeka kwenye kazi hii bila kuziona. Nikapiga picha nikawatumieni. Mama aliisafisha na kuibandika kwenye kabati la vyombo, ananiambia kila anayeingia kunywa maji lazima aelezwe.

Hapo ndipo nilipokosea na wewe. Nilikuambia tumeupata mlango wako. Sikusema labda. Nikatia chumvi, nikasema umbo likishapatikana dawa haiko mbali, ni kuchonga ufunguo tu. Hata kama fuwele zingekuwa zenyewe, Kaka, kutoka kwenye umbo mpaka kwenye kidonge ni safari ya miaka mingi, na wengi huishia njiani. Nilijua hivyo wakati namwaga maneno yale. Nilitaka tu nikusikie umefurahi.

Nawe ulifurahi mno. Baada ya wiki mbili ukaniandikia kwamba umekubali kazi ya ghala, paa la juu kuliko yote uliyowahi kuezeka, unaanza Jumatatu hii. Ulisema miaka minne ya kukaa chini ukichagua mbao na kuwapigia wenzako kelele imekutosha, na kwamba mtu anayengoja dawa yake hawezi kuendelea kuishi kama mgonjwa. Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Kila nikiisoma naiona siku ile uliyokwama juu ya kenchi, mapaja yamekufa, umekumbatia mbao kwa mikono, mpaka wenzako wakakushusha kwa kamba kama gunia. Ulituhadithia huku ukijicheka. Wifi hakucheka, na mimi sikucheka.

Yupo mzee wetu mmoja chumba cha chini, anayeendesha mashine ya kupimia uzito wa protini. Sisi tunamwita Fundi Mizani. Wiki tatu zilizopita alipanda kuja kuziona fuwele, akazitazama, hakunipa hongera. Aliniambia zimekuja upesi mno na ni nzuri mno, na sura ile ameshaiona mahali. Kisha akaniuliza nimetumia bakteria gani. Nikahisi masikio yanawaka moto.

Nitakueleza kwa nini yaliwaka. Bakteria wa kawaida wana pampu yao wenyewe kwenye utando, protini kubwa wanayotumia kutapikia sumu. Pampu hiyo kwa bahati mbaya inanasa kwenye kichujio chetu hata bila mkia. Ikibaki kiasi cha kufuta kwa kidole, inajipanga yenyewe na kuwa fuwele haraka kuliko chochote unachokihangaikia. Wameshaumbuka nayo watu wenye majina makubwa. Ndiyo sababu wapo bakteria walioondolewa pampu hiyo, na Profesa aliagiza tuwatumie hao tu. Lakini wanakua kwa kudeka, mara wamekubali, mara wamelala, na mimi nilikuwa na haraka. Siku ile nilifungua friza nikachukua mrija wa wale wa kawaida. Kwenye daftari, mahali pa kuandika aina ya bakteria, niliacha wazi nikisema nitajaza baadaye. Sikujaza.

Fundi Mizani alinishauri nizioshe fuwele chache nimpelekee azipime. Nikampelekea. Karatasi ya majibu alinikabidhi siku tisa zilizopita, akaniambia pole, akaongeza kwamba jambo hili ni langu kulisema na yeye hatanitangulia. Fuwele zote ni pampu ya bakteria, Kaka. Za mlango wako hakuna hata chembe. Ule mstari hafifu wa juu ndio uliozizaa. Ule mnene wa chini, ulio wako, umebaki majimaji kwenye mrija, haujafanya lolote.

Siku tisa nimetembea na karatasi hiyo kwenye mfuko wa koti jeupe. Nikienda kula naipapasa, nikirudi naipapasa. Koti silipeleki kufuliwa. Profesa alikuwa akiniita kunisomea kichwa cha ripoti, leo hivi, kesho vile, kama mtu anayechagua jina la mtoto, nami nakubali kila jina. Mama alipiga simu kusema kabati halina nafasi tena, nimtumie picha nyingine kubwa ya ukutani. Nikamwambia nitatuma. Nimepanda na kushuka ngazi za jengo hili bila kazi yoyote mpaka mlinzi ameniuliza kama nina mashindano. Sikai, silali vizuri, nikianza kula naacha sahani. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kubakiza chakula.

Mashine imeanza kupunguza kasi. Mlio wake unashuka. Imesimama. Ngoja niende, Kaka, nikikaa hapa nitaosha chupa tena.

*

Nimerudi. Ni saa tano na nusu.

Nilijikaza kisabuni, nikagonga, nikaiweka karatasi mezani kwake juu ya ripoti yenyewe, na daftari langu nikalifungua kwenye ule ukurasa wenye nafasi wazi. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea njiani. Profesa alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Aliniuliza karatasi ninayo tangu lini. Nikamwambia siku tisa. Kisha akasema fuwele mbaya si kitu, yeye mwenyewe ujanani alikaa na fuwele za chumvi ya mezani mwezi mzima akidhani amepata protini. Kosa la mrija nalo linasameheka kwa sababu haraka anaijua. Ila hizo siku tisa ndizo zinazomuuma, maana alikuwa anaimba, na mimi nilikuwa namsikia akiimba.

Nililia, Kaka, kama mtoto, na yeye hakunibembeleza. Ripoti haitatumwa. Kuanzia Jumatatu narudi kwenye bakteria wanaodeka, na daftari langu litasainiwa na mtu mwingine kila jioni mpaka Profesa atakaponiamini tena. Nilipofika mlangoni aliniuliza kama lile paa nililowahi kumsimulia bado linakusubiri wewe. Sikumbuki kama nilimsimulia. Nikamwambia linaanza Jumatatu. Akasema basi nisiguse chupa hata moja kabla sijakuandikia.

Kwa hiyo nakuandikia, na nasema wazi. Hakuna mlango tulioupata. Hakuna dawa iliyo karibu. Ninayo sabuni inayofanya kazi na mstari mmoja mnene kwenye jeli, basi. Nakuomba usipande. Kunywa chumvi ya daktari, hata kama ina ladha ya maji ya betri. Mwambie mwenye ghala dada yako amekudanganya, nitumie mimi kama sababu, nitupie lawama zote, nina mgongo wa kuzibeba. Najua nimekushusha kutoka juu kabla hujapanda, na najua unavyoona uchungu kukaa chini.

Liko jingine. Nilidhani nitalifunga humu ndani mpaka nife, lakini leo mkono umeshazoea kusema.

Unakumbuka asubuhi ile, wewe una miaka kumi na mmoja, mimi tisa, uliposema huwezi kuinuka kwenda shule. Baba alikuja kutoka kwenye karakana yake na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuinua kwapani, akakusimamisha kati ya meza zake za useremala, akasema simama kama mwanamume, akakuachia. Hukusimama. Kidevu chako kikapiga ncha ya meza, na lile kovu mpaka leo huwezi kulifugia ndevu likafichika. Tangu siku ile hukumwita tena Baba. Ulimwita seremala. Tulipomzika ulishika koleo kama jirani aliyekuja kusaidia, ukaondoka kabla ya watu kutawanyika.

Kaka, Baba hakuja kukuinua kwa akili yake. Alinijia mimi kwanza. Alichuchumaa mbele yangu nje ya mlango, akaniuliza polepole, wewe unayelala naye chumba kimoja, hebu niambie, anaumwa kweli? Uso wake ulikuwa na hofu, si hasira. Nami nilikuwa na uchungu na wewe kwa sababu ya penseli yangu uliyoivunja jana yake. Nilikuwa nimechungulia nikaona vidole vya miguu yako vinacheza chini ya shuka. Nikamwambia anajifanya. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu anachezesha miguu.

Vidole vilikuwa vinacheza kweli. Nilikuja kujua darasani, miaka kumi na minne baadaye, kwamba ugonjwa huu hushika mapaja na nyonga kwanza, na vidole vinaweza kubaki na nguvu zake. Nilitoka darasani kabla kipindi hakijaisha. Wiki iliyofuata nikaomba kuhamia kwenye somo hili. Wenzangu wote wanadhani niliipenda kemia.

Baba hakunitaja kwako hata siku moja. Damu ikikutoka kidevuni alinitazama mara moja tu, akakuinamia. Alinyamaza miaka ishirini na mbili, akiwa mezani kwake anaitwa seremala na mtoto wake wa kwanza. Mwaka wake wa mwisho nilimwambia nitakueleza. Alinikataza, akasema wewe umeshamzoea yeye kuwa mbaya, na ukinikosa na mimi utabaki na nani. Leo namvunjia neno lake. Ukitaka kumkasirikia mtu kwa lile kovu, nikasirikie mimi, naye mrudishie jina lake.

Msalimie Wifi, mwambie asifiche barua hii hata ukiitupa. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie shangazi hajasahau ahadi ya lenzi ya kukuzia vitu vidogo. Mama usimwambie bado, ile picha iliyo kwenye kabati nitakuja kuibandua mwenyewe na kumweleza uso kwa uso. Nakutakieni afya na siku njema nyumbani kwenu.

Sikuombi unisamehe sasa. Siku nyingine nitaliomba hilo, nikiwa nimekaa mbele yako. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa nimesimama hapahapa, simu iko juu ya meza kati ya glavu na mirija. Hata kama hutaki kunisemesha tena, niandikie neno moja tu, nijue miguu yako iko wapi. Andika: chini.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyempa jina la Kidomodomo, bila kujua kidomo hicho kilisema nini.